Mkono wa Mfiwa

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme na majini, bali zamani za juzi ambazo waliokuwapo bado wanapumua, palikuwa na kata moja katika jimbo la kaskazini la Marekani. Ketini vizuri. Nitasimulia polepole, kwa sababu hadithi hii ina kaburi ndani yake, na makaburini watu hawapiti mbio.

Kwanza muijue kata yenyewe. Jimbo ni kubwa, lina gavana na wabunge wake huko makao makuu, nao ndio wanaotunga sheria. Chini ya jimbo kuna wilaya. Chini ya wilaya kuna kata, na kata ni kipande cha mashamba ambacho mtu akitoka asubuhi kwa miguu atakuwa amekivuka kabla ya chakula cha mchana. Kata ile haikuwa na askari, haikuwa na soko, haikuwa na taa barabarani. Ilikuwa na barabara zake za changarawe, makaburi yake, nyumba ya mbao ya mikutano, na madiwani watatu waliochaguliwa na majirani zao. Lakini ilikuwa na jambo moja la heshima. Kila mwaka mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelala mashambani, wakaaji wote walikutana katika nyumba ile ya mbao wakaamua mambo yao kwa kunyoosha mikono. Mwenye shamba kubwa, mkono mmoja. Mwenye bustani ya mboga, mkono mmoja. Gavana mwenyewe angehamia pale, naye angepewa mkono mmoja.

Katika kata hiyo waliishi Mama Nalukula na mumewe, Wilondja. Walitoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, wakakaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hata Mungu akawafungulia mlango wakapelekwa Marekani. Wakafanya kazi katika kiwanda cha kuchinja bata mzinga. Wakala kiapo, wakawa raia. Wakanunua nyumba kuukuu pembeni mwa kata, yenye kiwanja cha kulimia mchicha wa lengalenga na maharage, na jamaa wengine wa Fizi wakawafuata mmoja mmoja mpaka wakawa ukoo. Wilondja alikuwa mtu wa mzaha. Theluji aliiita unga wa Mungu usioiva ugali.

Karibu na nyumba yao ilianzia barabara moja nyembamba, na mwisho wa barabara hiyo palikuwa na makaburi ya watu wa Norwei waliokuja kuvunja ardhi ile zamani za babu za babu. Kanisa lao lilikwisha kubomolewa. Wajukuu wao wengi walikwisha kuhamia mijini. Kila majira ya kuchipua, baridi ikiachia ardhi, mawe ya makaburi yaliinama huku na huku kama watu waliosinzia ibadani. Naye Wilondja, kila Jumamosi, alichukua jembe na mtaimbo akaenda kuyasimamisha.

Siku moja mkewe akamuuliza kwa nini anajichosha kwa ajili ya watu asiowajua hata majina.

Wilondja akajibu, "Baba yangu kalala Fizi, na mimi siwezi kumlimia. Nikimlimia huyu nisiyemjua, Mungu atatafuta mwingine kule amlimie baba."

Vuli moja, wakati wa kuvuna mahindi, moyo wa Wilondja ukasimama, naye yumo bustanini. Jina la Bwana libarikiwe. Madiwani walipoulizwa azikwe wapi, wakakubali azikwe kati ya watu wale aliowalimia. Basi likawa kaburi jipya la kwanza mahali pale baada ya miaka mingi sana.

Sasa sikilizeni desturi, kwa sababu hadithi itageukia hapo. Katika ukoo wa Wilondja, mjane huketi barazani, lakini hasemi wala hanyooshi mkono mpaka matanga yaondolewe. Na wanaoketi naye hawamtangulii: mkono wa mfiwa ukiwa chini, mikono ya jamaa zake nayo iko chini. Mwenye kuondoa matanga ni kaka mkubwa wa marehemu. Huyo aliitwa Etabo, na alikuwa bado yuko Nyarugusu. Akasema kwa simu kwamba atayaondoa Pasaka, huko kambini, kwa maombi, na shemeji yake asikilize simuni. Nalukula akaitikia. Hakuwa mtu wa kuvunja neno la wakubwa.

Majira ya baridi yakaingia. Theluji ikajaa katika barabara ile mpaka kiunoni, na greda la kata halikufika, kwa kuwa lilikuwa halijapita huko kwa miaka. Kila Jumapili baada ya ibada Nalukula alisimama mwanzo wa barabara, akatazama kule mwisho, akarudi nyumbani.

Ndipo jirani yake, Mzee Tveit, akapeleka ombi kwa madiwani: barabara ile ifungwe, ardhi irudi shambani kwake.

Msimchukie Mzee Tveit. Msibani alikuja na bakuli la viazi vya kuoka, akalia waziwazi. Lakini barabara ile ilipita katikati ya shamba lake. Wawindaji waliingia nayo, wengine wakatupa huko magodoro mabovu, na ndama wake walitoroka kwa sababu yao. Tena, kuitunza kungepandisha kodi ya kila nyumba. Alimwendea Nalukula mwenyewe akamwambia kwa upole kwamba ataweka geti, na yeye atapita kila atakapo, kwa ruhusa yake.

Nalukula akamshukuru. Akampa chai. Mzee Tveit alipokwisha kuondoka, akakaa jikoni akalipima neno lile. Ruhusa hufa pamoja na aliyeitoa. Mzee huyu akifa, geti litakuwa la nani? Na mtu atamwombaje mgeni ruhusa ya kumsalimu mumewe?

Wakati huo mwenyekiti wa madiwani alikuwa Bi Doreen, mwanamke wa maneno machache, aliyefuga nyuki na aliyesoma na Mzee Tveit darasa moja utotoni. Watu wakamwambia, wewe na wenzako wawili fungeni tu barabara, mambo yaishe. Bi Doreen akawaeleza sheria. Barabara isiyotunzwa kwa miaka mingi, madiwani wanaweza kuifunga. Hivyo ndivyo jimbo lilivyosema. Lakini barabara inayokwenda kwenye makaburi ambako watu bado wanazikwa, madiwani peke yao hawaigusi. Wakaaji wenyewe waamue kwa mikono yao. Na wakiamua ibaki, basi ibaki kweli: ipanuliwe greda lipite, ipewe jina, na kibao kisimamishwe ili hata gari la wagonjwa liione.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?" wakamuuliza.

Sasa, siku ya mkutano ndiyo siku ya uchaguzi wa diwani. Mchana watu hupiga kura za karatasi, jioni hukutana. Kiti cha Bi Doreen kilikuwa kinagombewa, na mpinzani wake alikwisha kuahidi kwamba kodi haitapanda. Rafiki zake wakamsihi afunge mdomo mpaka kura zihesabiwe.

Bi Doreen akasema, "Mimi nataka ibaki. Mkinichagua, mnichague mkijua."

Basi hawakumchagua.

Jioni ile nyumba ya mbao ilijaa. Makoti yalining'inia ukutani, birika la kahawa likatoa mvuke, na mezani palikuwa na pai za tufaha kama ilivyo ada. Kura zikatangazwa, Bi Doreen akashindwa. Akasimama, akampa mpinzani wake mkono, akamwachia kiti cha mbele. Kila mtu alidhani atachukua koti lake aende zake. Hakwenda. Akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, penye baridi.

Jamaa wa Fizi waliingia pamoja, wamevaa nguo za ibada. Wakaketi safu mbili, na Nalukula katikati yao, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani.

Msimamizi wa mkutano, mwalimu mstaafu, akalisoma shauri. Mzee Tveit akaeleza haja yake bila kumtukana mtu. Wengine wakasema juu ya kodi. Mmoja akatania kwamba wafu hawana haraka, wanaweza kungoja theluji iyeyuke. Wachache wakacheka, kisha wakamwona Nalukula, wakaacha.

Msimamizi akasema, "Wanaotaka barabara ibaki, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda hapa na pale, michache. Bi Doreen kule nyuma. Vikongwe wawili wenye babu zao kule mwisho wa barabara. Lakini safu mbili za watu wa Fizi, watu waliokuja kwa ajili ya jambo hilo moja tu, hazikunyanyua hata kidole. Mkono wa mfiwa ulikuwa chini, na mkono wa mfiwa hautanguliwi.

Wenyeji wakatazamana. Mzee Tveit mwenyewe akageuka kwenye kiti, akamnong'oneza mkewe kwamba haelewi, watu hawa wamekuja kula pai?

Msimamizi akahesabu. Akauliza wanaopinga, mikono ikawa mingi. Akainua nyundo yake ndogo ya mbao. Nyundo ile ikishapigwa, kwa sheria ya mkutano, jambo limekwisha.

Ndipo Bi Doreen akasimama. "Mwalimu, usipige. Naomba tuhesabu upya. Kuna watu hapa ambao bado hawajasema ndiyo wala hapana. Nadhani wanangojana, sijui kwa nini, lakini wanangojana."

Mtu mmoja akamwambia akae, yeye si diwani tena. Akajibu kwamba sheria haikusema diwani, ilisema mkaaji. Msimamizi akafikiri, akaishusha nyundo taratibu, akaiweka mezani. "Tutahesabu upya," akasema. "Wanaotaka ibaki."



Nalukula aliinamisha kichwa. Akamwona Etabo kambini, na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Akaisikia sauti ya mama mkwe wake, ambaye naye ni marehemu, ikisema mjane anyooshaye mkono barazani kabla ya siku yake amemzika mumewe mara mbili. Kisha akauona mtaimbo wa Wilondja nyuma ya mlango wa ghala, ukishika kutu. Akasema moyoni, Bwana, kama ni dhambi, basi na iwe yangu, isiwe ya hawa. Akafumba macho. Akanyoosha mkono.

Mama Asende, aliyeketi kushoto kwake, akavuta pumzi kwa nguvu. Halafu na yeye akanyoosha. Halafu safu ya kwanza. Halafu safu ya pili, wazee kwa vijana, kama mtama unaoinuka baada ya mvua.

Msimamizi akahesabu mara mbili. Barabara ikabaki, kwa tofauti ndogo. Nyundo ikapigwa.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini haikuishia. Greda haliwezi kupita pembamba, na mahali pa kupanua palikuwa na mstari wa misonobari. Miti hiyo aliipanda mama yake Mzee Tveit kwa mikono yake, iikinge nyumba yake na upepo wa kaskazini. Ilikuwa imesimama ndani ya upana wa barabara, lakini kwa muda mrefu hivi kwamba Mzee Tveit angeweza kwenda mahakama ya wilaya kuitetea. Watu walimshauri aende. Hata kama angeshindwa, wakasema, kesi ingelala miaka, na mjane naye angechoka.

Asubuhi ya pili Nalukula akasikia mlio wa msumeno wa mashine. Akavaa viatu vya theluji, akatoka. Mzee Tveit alikuwa anaiangusha miti ya mama yake mmoja baada ya mwingine, peke yake, kofia imeteremka masikioni.

Nalukula akamletea chai ya tangawizi na mandazi. Wakasimama kando ya magogo.

"Nilishindwa kwa mikono ya majirani," Mzee Tveit akasema. "Nikienda kutafuta ushindi kwa wakili, nitaketi na nani mwezi wa tatu mwakani?" Akatafuna andazi. "Sasa upepo utaingia mpaka jikoni. Mke wangu atanisema mpaka siku mtakayotuzika huko mwisho wa barabara."

Nalukula akacheka, mara ya kwanza tangu vuli. Kisha akalia kidogo. Mzee Tveit akajifanya anakagua msumeno.

Habari zikafika Nyarugusu, na habari za namna hiyo hazihitaji kubebwa. Etabo akapiga simu. Hakugomba. Akauliza kama ni kweli. Nalukula akasema ni kweli, shemeji, nilinyoosha. Etabo akasema ana uzito moyoni, naye atasema neno lake siku watakapoipa barabara jina.

Siku hiyo ikafika, wiki moja kabla ya Pasaka, katika nyumba ileile ya mbao, pai zilezile. Mwenyekiti mpya, yule aliyemshinda Bi Doreen, akasema kwamba kibao lazima kisimame, na kibao kina nafasi ya jina moja tu. Nguzo yake ilikwisha kuchimbiwa. Madiwani wamekubaliana kwamba Mama Nalukula ndiye atakayechagua jina, ila kwanza wote waseme.

Mama Asende akasimama akasema, "Iitwe Nalukula. Mikono yetu yote ilikuwa imefungwa katika mkono wake. Angeogopa, tungerudi nyumbani wote tumeogopa. Na yeye ndiye aliyejitia lawamani, si sisi."

Mzee Tveit akasema, "Iitwe Doreen. Sisi wengine tulipata tulichotaka au tulikosa. Yeye alipoteza kiti kwa ajili ya barabara, na baada ya kukipoteza akakaa mlangoni kwenye baridi. Bila yeye nyundo ingelia, na mkono wa mama huyu ungepanda hewani bure."

Bi Doreen akatikisa kichwa. "Mimi nilisimama nikauliza swali. Kuuliza hakuhitaji msumeno. Iitwe Tveit. Sisi tulipigania tulichokipenda. Yeye alikata alichokipenda, kwa ajili ya jambo alilolipinga. Bila hivyo tungekuwa na kura, na barabara hatungekuwa nayo."

Halafu simu ikawekwa mezani, sauti ikaongezwa, na Etabo akasema kutoka mbali, huku jogoo wa kambini wakiwika nyuma yake.

"Iitwe Wilondja. Ninyi mnahesabu siku moja ya mwezi wa tatu. Ndugu yangu alilimia wafu wenu Jumamosi zote, hakuna aliyemtazama. Kama si kaburi lake, madiwani wangeifunga bila ninyi kujua. Yeye ndiye aliyeshikilia mlango, tena kwa mwili wake. Na wewe shemeji, sikiliza. Ikiitwa kwa jina lake, nitasema mkono ule ulikuwa wake, uliuazima tu, na hukuvunja kitu. Pasaka nitaondoa matanga kwa moyo mweupe. Ikiitwa kwa jina lingine, nitayaondoa pia, maana mimi ni Mkristo. Lakini nitakuwa na la kujiuliza."

Watu wote wakamgeukia Nalukula. Akaomba apewe muda mpaka baada ya Pasaka. Akapewa.

Jumamosi ile, mkesha wa Pasaka, theluji imekwisha na matope yameanza kukauka, Nalukula alichukua mtaimbo nyuma ya mlango wa ghala. Akaupangusa kutu. Akaingia katika barabara. Ilikuwa pana, imenyooka, changarawe mpya ikilia chini ya viatu vyake, na upepo ukivuma pale miti ilipokuwa. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akafika. Mawe yalikuwa yameinama huku na huku kama kila mwaka. Akamsalimu mumewe, akamweleza habari zote, kisha akaanza na jiwe la mtu asiyemjua, akalisimamisha.

Jioni alipokuwa akirudi, akasimama penye nguzo. Kibao kilikuwa tayari kimefungwa juu, cha kijani, kitupu. Kesho kutwa watamwuliza.

Kuna mmoja aliyelala ili mlango usifungwe. Kuna mmoja aliyepoteza kiti na bado akakaa. Kuna mmoja aliyeshindwa, akaangusha miti ya mama yake. Na kuna mmoja aliyenyoosha mkono kabla ya siku yake. Wote wanne barabara inawadai shukrani, na kibao kina nafasi ya jina moja.

Ninyi mliosikiliza, mmekwisha kuzika na mmekwisha kunyoosha mikono. Msimwachie mjane peke yake. Je, jina la barabara ile alistahili nani?